Onja Kwanza

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii, ila sioni sababu ya kuficha. Ukinikaribisha chakula, kwanza natazama kama wewe mwenyewe umeshamega tonge. Muuza migebuka wa Kibirizi akinipunguzia bei kabla sijaomba, namrudishia samaki wake. Kwa nini apunguze? Ana nini huyo samaki? Wenzangu kazini wananicheka, wanasema hata kivuli changu nageuka kukikagua. Nawaacha wacheke. Nimehudumu baa miaka kumi na minne, na nimeona mengi.

Nyumbani kwetu ni Kidahwe, njia ya Kasulu. Mama yangu alikuwa anapika pombe ya ndizi, na hiyo ndiyo shule yangu ya kwanza. Mgeni akifika, mama anachota, anapiga funda moja yeye mwenyewe huku mgeni anaona, ndipo anampa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyeuliza. Anayekupa kinywaji anaonja kwanza ili moyo wako utulie, na wewe unapokea kama hukuona kitu. Asipoonja, unashukuru, unasema tumbo leo halijakaa sawa, unaaga. Lakini kumwambia kwa mdomo wako "onja kwanza", thubutu! Muha halisemi hilo. Ukilisema umemwita mwenzako mlozi, mtu wa kulisha watu sumu, na umemwita hivyo mbele ya mashahidi.

Baa nayo ni vile vile, imezidi kreti tu. Chupa naileta imefungwa. Mteja anaishika shingoni aone kama ni ya baridi, anaitikia kwa kichwa, ndipo naifungua mbele ya macho yake. Ole wako uje nayo imefunguliwa! Atakuuliza umeifungulia wapi na nani alikuwepo. Akienda msalani anaweka kifuniko juu ya mdomo wa chupa kwa namna anayoijua mwenyewe, na akirudi akakuta kimesogea, anaagiza nyingine. Ofa ya mtu usiyemjua unaipokea, unashukuru, unaisukuma katikati ya meza na kuiacha ipate moto. Hivyo ndivyo tunavyoishi, na hatujafa.

Sasa wakaja wazungu. Wanakwenda kuangalia sokwe, wakirudi wanataka kukaa wakitazama ziwa na kitu cha baridi mkononi. Mwenye baa yetu, mama asiyepoteza maneno, akajenga jukwaa la mbao kuelekea majini, akanunua viti vya kamba, akatuita wahudumu wote. "Mwisho wa mwezi nawapima," akasema. "Atakayeweza kuwahudumia wageni kwa Kiingereza, yumo. Asiyeweza, asije akanilaumu." Mimi ni wa darasa la saba. Kiingereza changu kilikuwa yesi na no, na hizo zenyewe nilikuwa nazibahatisha.

Basi nikawa natembea nikijisemea njiani. Asubuhi moja napita mbele ya nyumba ya mzee muuza kahawa, hapo hapo Buzebazeba, nyumba tatu kutoka ninapopanga, nasikia mtu anaguna.

"Binti, hivyo sivyo."

Nikageuka. Alikuwa amekaa kibarazani kwake na birika lake juu ya mkaa, na vikombe vyake vidogo vimepangwa kwenye ndoo ya maji. Upande wa pili wa baraza walikaa wazee wanne wa drafti, wale wale wa kila siku, wanacheza kwa vifuniko vya soda. Mzee huyu wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo ni mtu wa hapa kuliko hata mimi, lakini watu wakitaka kumsema bado wanasema "yule wa ng'ambo". Alikuwa akisimulia kwamba ujana wake wote aliumalizia kwenye mahoteli ya watalii, Arusha na Unguja, amevaa kizibao cheusi na kupeleka vinywaji kwa watu wa dunia nzima. Wale wa drafti hawakumwamini hata siku moja. "Mzee wa Arusha, leta kahawa," walikuwa wakimwita, na kucheka.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Njoo saa tisa, kabla hujaenda kazini. Nitakufundisha Kiingereza cha baa. Siyo kile cha shule."

"Kwa shilingi ngapi?"

"Bure."

Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Bure? Mimi na yeye hatuna undugu, hatusali pamoja, sijawahi hata kumwazima kiberiti. Rahisi ni ghali, na bure je? Bure itakuwa na bei gani! Lakini siku za mwezi zilikuwa zinakwisha, na mwalimu mwingine sikuwa naye. Saa tisa nikaenda na daftari, nikakaa ukingoni mwa benchi, upande wa barabara, ili nikilazimika kukimbia nisiruke kitu.

Somo la kwanza lilikuwa salamu, na hapo hapo tukagombana. "Hau a yu," akanifundisha, na mimi nijibu, "Fain, thenkyu." Basi, yamekwisha. Nikamuuliza, na watoto je? Nyumbani je? Mvua huko kwao? Akasema hapana, mgeni akikuuliza hali hataki habari, anataka bia. Nikashangaa. Mtu anakuuliza hali yako halafu hangoji jibu! Kwetu mtu wa namna hiyo ama anataka kuiba, ama ameshaiba.

Tukaja kwenye "sori". Mzungu anaanza na sori ndipo anaagiza. Sori, naomba bia mbili. Sori, msalani ni wapi. Nikauliza, amekosa nini huyu? Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Hajakosa kitu, ndiyo adabu yao." Nikaandika, lakini pembeni nikaweka alama ya kuuliza. Anayeomba radhi mapema, mimi namwona kama anayejua atakachofanya.

Niliandika kila kitu kama sikio lilivyosikia. "Wot kan ai get yu?" ni kumuuliza mgeni anywe nini. "Itsi on mi" ni ofa, mtu anasema hii ni juu yangu. "Chiazi" ni kugonganisha glasi, na pia ni ahsante, na pia ni kwaheri, neno moja kazi tatu, nalo nikalitilia shaka. "Kip the chenji", chenji baki nayo, nililishika siku ile ile, sikuhitaji kurudiwa. Nilipotaka kujua namna ya kuuliza kama mteja anataka ya baridi au ya moto, mzee akanikataza kabisa. "Usiwaulize hivyo," akasema. "Watadhani umechanganyikiwa."

Kulikuwa na moja alilolipenda kuliko yote. "Sem agein, plizi." Maana yake, lete kama ile ile. Alikuwa akilitamka amefumba macho, na sauti yake inapungua. "Binti, mteja anaweza kukusifia, anaweza kukuachia chenji, yote hayo ni mdomo tu," akaniambia. "Lakini akikwambia sem agein, huyo amekuamini. Mtu harudii kilichomshinda." Wale wa drafti wakaguna. Mmoja akasema mzee ameanza tena Arusha yake.

Alikuwa anafundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini kadiri alivyokuwa mwema ndivyo nilivyozidi kumchunguza. Siku moja aliniuliza nyumbani naishi na nani. Nikamwambia naishi na kaka zangu watatu, wote wabeba mizigo bandarini, jambo ambalo ni uongo mtupu. Mlangoni kwake kulikuwa na pazia la kijani, na kila akiingia ndani alilivuta nyuma yake likafunga vizuri. Anaficha nini mtu anayeishi peke yake? Na mbona jirani yangu mmoja, mama mwenye genge la nyanya, aliniambia kwamba huyu wa ng'ambo hajaoa tangu amerudi, na mtu asiyeoa lazima ana jambo? Niliyaweka yote hayo kichwani. Nilikuwa nasema "fain, thenkyu" huku jicho moja liko kwenye pazia.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani nilimkuta amenyoa ndevu. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa amekitundika kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. "Leo tunabadilishana," akasema. "Wewe ni mteja, mimi ni mhudumu, ili uone kwa macho yako mtu anavyohudumiwa. Na nitakufundisha ofa ya kiungwana. Mteja akiipenda kazi yako atakwambia 'hav wan yoself', nawe jichukulie kinywaji juu yake. Kaa hapo."

Nikakaa. Akaingia ndani, akavuta pazia. Nikasikia kifuniko cha soda kinafunguliwa huko huko ndani. Nikasikia kinamiminwa. Kikapita kimya kirefu kidogo, nami najiuliza anafanya nini muda wote huo. Akatoka amenyooka, trei juu ya vidole, na juu ya trei glasi moja ya soda ya chungwa imeshajazwa. Wale wa drafti walikuwa wameacha kucheza, wanatazama. Akainama kidogo, akaiweka mbele yangu.

"Hav wan yoself," akasema, sasa kama mteja anayetoa ofa. "Itsi on mi."

Nikangoja. Nilikuwa namngojea apige lile funda moja. Hakupiga. Alisimama wima, kitambaa mkononi, anatabasamu, ananitazama. Mkono wangu ukakataa kwenda. Nikafikiri bure yake, na pazia lake, na maswali yake ya nyumbani naishi na nani. Ningeweza kusema tumbo halijakaa sawa. Maneno hayo nilikuwa nayo tangu utoto. Mdomo uliponza kichwa, na wangu siku hiyo uliponza cha mwenzangu.

"Mzee," nikasema, na nilisema kwa sauti, "onja kwanza."

Kifuniko cha drafti kilianguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kukiokota. Tabasamu la mzee lilibaki pale pale usoni, ila mwenyewe hakuwemo tena. Akaichukua ile glasi, akainywa yote, funda kwa funda, koo lake linapanda na kushuka na sisi wote tunalitazama. Alipomaliza aliipindua juu ya trei ili kila mtu aone. Kisha akakitoa kitambaa mkononi, akakikunja mara nne, akaingia ndani.

Nilichukua daftari langu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa najitetea. Kama hakuwa na kitu, mbona amekasirika? Kama ni mwema, mbona alifungulia ndani? Nilijibu maswali yangu yote mwenyewe, na yote nilishinda.

Mtihani ulikuja kesho yake jioni, jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Mwenye baa alisimama kaunta amekunja mikono, na jukwaani walikaa mzungu na mkewe. Nikaenda. Hau a yu, fain thenkyu. Wot kan ai get yu? Wakaagiza, nikaelewa, nikaleta, nikafungua mbele yao, wala hawakuangalia. Mama yule wa kizungu aliiacha glasi yake mezani wazi akashuka kuchovya miguu ziwani, akakaa huko robo saa, akarudi akainywa. Nilitaka kumpigia kelele. Kisha mumewe akaniita, akaniambia maneno yale yale, nijichukulie kinywaji juu yake. Nikafuata soda, nikaifungua mwenyewe, nikarudi nayo kumshukuru. Akainua glasi yake, akasema chiazi, akageuka kutazama maji. Hakugusa changu. Hakungoja ninywe wala nisinywe. Kwao kinywaji cha mtu ni cha mtu, hata aliyekitoa haweki mdomo wake humo, na ndiyo heshima yenyewe.

Nikasimama na soda yangu mkononi, nikajisikia vibaya sana. Mzee alikuwa amenihudumia hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kama alivyofundishwa Arusha. Alinipa heshima aliyokuwa akiwapa wageni wa dunia nzima, na mimi nikamwita mlozi. Mwenye baa akaja akanipiga bega. "Umepita," akasema, "mbona unalia?"

Nikanunua kilo ya sukari, na asubuhi nikaenda kumwomba radhi. Kufika, kibarazani hakuna mtu. Birika liko juu ya mkaa, limejaa, vikombe vikavu. Wale wanne wa drafti walikuwa wamehamishia ubao wao ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa nyumba nyingine, na wameupa mgongo upande wa mzee. Kahawa ile ndiyo ilikuwa ugali wake, hakuwa na shamba wala mtoto wa kumletea chochote.

Kabla sijavuka, mama wa genge akanidaka mkono. "Pole mwenzangu! Ni kweli ilikuwa inatoa povu?"

"Nini?"

"Ile glasi. Wanasema ilitoa povu, na mbuzi aliyelamba pale chini akafa."

"Mbuzi gani? Mzee aliinywa yote mwenyewe, hapakudondoka hata tone!"

Akanitazama kwa huruma. "Aliinywa na hakufa? Basi ndiye mwenye dawa zake huyo." Akasogea karibu na kunong'ona. "Amekutisha, eeh? Ndiyo maana unamtetea. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Jamani! Kila nilichosema kilizidi kumfunga. Nikasema hakuna sumu, wakasema nimetishwa. Nikasema nilikosea, wakasema hata mimi nimeshalishwa. Mtaa mzima ulikuwa umegeuka kuwa mimi, wanashuku kila kitu, na nilipoona sura yangu kwenye nyuso za watu kumi kwa pamoja sikuipenda hata kidogo.

Nikampelekea mzee sukari. Aliniacha niingie, na kwa mara ya kwanza nikaliona la nyuma ya pazia. Kulikuwa na kabati la vioo, na ndani yake glasi za kila aina, zimefungwa moja moja kwenye magazeti. Ukutani palitundikwa picha yake akiwa kijana, kizibao cheusi, trei juu ya vidole, nyuma yake bustani ya hoteli. Ndiyo yote aliyokuwa akiyaficha.

"Mbona huwaonyeshi wale wazee?" nikamuuliza.

"Watasema nimeazima picha."

"Nisamehe, mzee. Na ulinifundisha bure kwa nini? Niambie leo, maana nitakufa na swali hili."

Akafikiri. "Wewe ulikuwa unaandika," akasema. "Nikisema neno wengine wanacheka, wewe unaliandika."

Nikaomba aniandalie kahawa, ninywe pale kibarazani watu wote wanione. Akatikisa kichwa. "Sikupi."

"Mzee, nakuomba. Wanione nakunywa."

"Sikupi, binti. Leo unanywa. Keshokutwa unapata mafua, au unajikwaa, au mtoto wa jirani anaharisha. Watasema ni mimi. Na wewe mwenyewe je? Tumbo likikuuma katikati ya siku, utamfikiria nani kwanza?" Alinitazama moja kwa moja. Alikuwa ananiogopa mimi. Na alikuwa anasema kweli.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikatoka kibarazani, nikachukua trei, nikaosha vikombe vinne, nikamimina mwenyewe, nikavuka barabara mpaka kwenye ubao wa drafti. "Shikamooni wazee wangu." Hawakuitika vizuri. Nikainua kikombe cha kwanza, nikapiga funda, nikampa wa kwanza. Nikainua cha pili, nikapiga funda, nikampa wa pili. Nikaonja vyote mbele ya macho yao, na hiyo ilikuwa kahawa chungu, siyo mchezo. Walitazamana. Mwisho mmoja akasema, "Aliyemtuhumu ndiye anayeonja, sisi ni nani?" Akanywa, na wengine wakanywa. Walijifanya wanakunywa kwa kunisitiri mimi, kumbe siku mbili walikuwa hawajapata kahawa ya maana.

Kuanzia hapo ikawa kazi yangu ya asubuhi. Naamka, naenda kwa mzee, nakunywa kikombe cha kwanza watu wanaona, ndipo wengine wanaanza. Ubao wa drafti ukarudi kibarazani baada ya wiki kadhaa. Lakini mzee hakuwahi kunimiminia kwa mkono wake bila yeye mwenyewe kupiga funda kwanza, na hakulisema tena neno la Kiingereza. Kitambaa cheupe sikukiona. Nilikuwa namsalimia "hau a yu" kumchokoza, naye ananijibu "nzuri, mama", kama anavyomjibu yeyote. Aliacha hata kuniita binti.

Halafu mwezi uliopita nikaugua. Homa ilinishika usiku, zahanati wakanipima, wakaniambia malaria, wakanipa vidonge. Asubuhi sikuweza kuinua kichwa. Kwenye bomba la maji chini ya dirisha langu nikasikia sauti za kina mama wanakinga ndoo. "Si ndiye anayekunywa kahawa ya yule mzee kila siku?" mmoja akasema. "Mimi nilisema itafika," akajibu mwingine, na nikaijua sauti ya mama wa genge. "Sumu za ng'ambo zina miezi yake."

Nikataka kupiga kelele kwamba ni malaria, kipimo ninacho, lakini koo lilikuwa limekauka. Na nitasema ukweli, kwa kuwa nimeanza kuusema. Nikiwa nimelala pale, jasho linanitoka, na mimi nilijiuliza. Dakika moja tu. Nilikifikiria kikombe cha jana, kama kilikuwa na ladha nyingine. Mungu anisamehe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mzee. Alikuwa amebeba birika lake, limejaa mpaka mdomoni, na hakuita hodi wala hakunipa salamu.

"Unaumwa nini?" akauliza.

"Malaria, mzee."

"Una uhakika?"

Nyuma yake, mbali kidogo barabarani, walisimama wale wanne wa drafti, wanatazama mlango wangu kuona kama nitatoka kwa miguu yangu. Nikaelewa kwamba nisipotoka, mzee huyu amekwisha, na hakuna wa kuvuka tena ile barabara na trei. Nikavaa, nikajifunga khanga mbili, nikashika ukuta. "Nishike mkono," nikamwambia. Tukatembea hizo nyumba tatu, mimi na yeye na birika, na kina mama wa bombani wakageuka kututazama tulipopita.

Nilikaa kwenye benchi lile lile. Safari hii nilikaa katikati. Mzee akamimina, na kama kawaida yake akakipeleka kikombe mdomoni mwake ili aonje. Nikaunyoosha mkono nikakichukua kabla hakijafika. Akashtuka. "Hapana, mama, ngoja kwanza nionje—"

Nikanywa. Nilikinywa chote, mdomo wa homa hauna ladha, ilikuwa kama kunywa majivu. Wale wanne walikuwa wamesogea mpaka ukingoni mwa baraza, na mama wa genge ameacha ndoo yake njiani. Nikakipindua kikombe juu ya trei, kama alivyopindua yeye glasi yake siku ile, nikasema kwa sauti niliyokuwa nayo:

"Sem agein, plizi."

Hakumimina. Akanitazama, akaliweka birika chini, akaingia ndani, na pazia likafunga nyuma yake. Nikadhani nimemuudhi tena. Tukangoja. Alipotoka alikuwa amekitundika kwenye mkono wa kushoto kile kitambaa cheupe, bado kina mikunjo yake minne, akainama kidogo, akanimiminia cha pili.